Baridi ya Tarime: Tuivumilie au Tujikinge?

Anayedhani karibu na Ikweta hakuna baridi ya kuumiza mikono hajakamua ng'ombe Nyamwaga alfajiri ya mwezi wa saba. Nyanda za juu za Tarime ziko mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, usiku usio na mawingu hulishusha joto la alfajiri hadi nyuzi 13 au 14, huko vilimani hata chini ya hapo, na umande humlowesha mtu hadi magotini. Ukishuka kuelekea Mugumu, wilayani Serengeti, jua huwahi kupasha, lakini saa zile za kabla ya jua hazina tofauti kubwa. Mtu ambaye damu inafika vizuri vidoleni mwake huipita baridi hiyo kwa kusugua viganja na kuendelea na kazi. Yule ambaye haimfikii vizuri anaanza siku na vidole vilivyokufa ganzi, kisha anapitia maumivu ya kuchoma damu inaporudi, na kesho yake ni hivyo hivyo.

Hoja iliyo mezani ni ile inayosikika kwenye vibanda vya chai kila kipupwe: baridi ya mikono ni ya kuvumilia, kwa kuwa mkono wa mtu wa kazi huzoea. Nimewaweka watu watano waijadili: mzee wa Nyamwaga anayelima na kufuga, mama wa Muriba anayekamua na kuuza maziwa, kijana wa bodaboda wa Sirari, mchimbaji wa Nyamongo anayechoronga mwamba, na muuguzi wa zahanati moja upande wa Serengeti. Sauti zao nimezitunga, mambo wanayoyasema ni ya kweli. Niseme mapema kwamba mimi naipinga hoja hii, na nitaingilia kati panapofaa.

MZEE: Plau nimeishika tangu nikiwa kijana. Wakati wa kuandaa mashamba ya vuli tunawafunga ng'ombe nira kabla ya jua, maana jua likishapanda wanachoka. Mikono ya plau ni chuma. Asubuhi ya Julai chuma kile kinang'ata. Wiki ya kwanza unaumia, ya pili unaumia kidogo, ya tatu umeshasahau. Mkono unazoea, mura. Ukiuvalisha glavu unaunyima nafasi ya kuzoea.

BODABODA: Shikamoo, mzee.

MZEE: Marahaba, mura.

BODABODA: Plau inakwenda mwendo wa ng'ombe. Mimi natoka Sirari saa kumi na moja na nusu na abiria wa kwanza, upepo wote wa barabara unanipiga vidoleni. Mpaka nifike Tarime mjini vidole vimekakamaa, breki naivuta kwa kiganja kizima. Abiria ananipa noti, naiona lakini siihisi. Kazi hii nimeifanya miaka kadhaa na kila kipupwe ni yale yale. Huko kuzoea kunakuja lini?

MUUGUZI: Mzee hajasema uongo, na ningependa tuanzie hapo. Mwaka 1930 daktari Mwingereza aitwaye Thomas Lewis alichapisha majaribio ya vidole vilivyotiwa kwenye maji ya barafu. Mishipa ya damu ilijifunga na vidole vikapoa kabisa. Baada ya dakika chache ikafunguka yenyewe, vidole vikapata joto, kisha ikajifunga tena, ikaendelea hivyo kwa zamu. Ndivyo mwili unavyovilinda vidole visife. Wavuvi wa nchi za baridi, wanaoshinda mikono yao ikiwa majini, mishipa yao hufunguka mapema na kwa nguvu. Kwa hiyo kuzoea kupo.

MZEE: Basi tumemaliza.

MUUGUZI: Bado, baba. Uwezo huo hatukugawiwa sawa. Jeshi la Uingereza lina askari wenye asili ya Afrika, na utafiti uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba askari hao waliumia mikono na miguu kwa baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao Wazungu wa jeshi hilo hilo. Mishipa ya vidole vyetu, kwa wastani, huchelewa kufunguka ikishajifunga. Kwa hiyo mtu wa Tarime akiambiwa avumilie kama mvuvi wa Norway, anaambiwa atumie kitu ambacho mwili wake unacho kwa uchache. Na ndani ya kijiji kimoja bado tunatofautiana. Wewe ulizoea. Jirani yako anaweza kuishika plau hiyo hiyo miaka thelathini asizoee.

Sitaki msomaji atishike bure. Nyuzi 13 kwa saa mbili haziozeshi kidole cha mtu mwenye afya. Ninachokitetea ni mikono ya wale ambao baridi hiyo ndogo inawatosha kuumia, na wapo wengi kuliko tunavyodhani kwa sababu hawasemi. Nao wanahitaji kwanza kujua joto la mkono linatoka wapi.

Kidole hakina msuli wa maana ndani yake. Misuli inayokunja vidole imelala kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na inavuta vidole kwa kano ndefu. Msuli ndio unaozalisha joto mtu anapofanya kazi, hivyo kidole huishi kwa joto la kuletewa na damu. Kifua kikianza kupoa, mwili unafanya uamuzi wake bila kutuuliza: unafunga mishipa ya vidoleni ili joto libaki kwa moyo, mapafu na ini. Ndiyo maana kijana anaweza kuvaa glavu mbili akiwa na shati jepesi kifuani, na vidole vikaendelea kuganda. Glavu haitengenezi joto. Inalinda lile lililofika, na kama halikufika hakuna cha kulinda.

BODABODA: Hilo nimeliona kwa macho yangu. Nilipoanza kuvaa koti zito la mtumba, mgongo mbele ili upepo usipenye kwenye zipu, mikono ilipata nafuu kuliko siku niliyonunua glavu.

MUUGUZI: Umeanzia pazuri. Ongeza shingo na kichwa, kisha vigasha. Chukua soksi ndefu ya mtumba, kata sehemu ya vidole, vaa kuanzia karibu na kiwiko hadi katikati ya kiganja. Pale kwenye kifundo, unapopimwa mapigo, mshipa unaopeleka damu vidoleni uko juujuu chini ya ngozi. Ukipigwa na upepo pale, damu inafika kidoleni ikiwa imeshapoa.

BODABODA: Na upepo wenyewe? Wenzangu wengine wamekata dumu la mafuta la lita tano wakalifunga mbele ya mishikio ya usukani.

MUUGUZI: Wamefanya vyema, mradi lisizuie breki na klachi. Kitu chochote kinachosimamisha upepo mbele ya mkono kinafaa kuliko glavu nene ya sufi, kwa sababu upepo unapenya sufi. Kama una glavu ya sufi tu, vaa juu yake mfuko wa plastiki au glavu ya mpira iliyolegea. Iliyobana usiivae kabisa, inaminya damu.

BODABODA: Mimi nikisimama huwa naweka mikono kwenye injini.

MUUGUZI: Usifanye hivyo tena. Nimewafunga watu malengelenge ya injini na ya ekzosi. Kidole chenye ganzi hakikwambii kinaungua, unajua baadaye ngozi ikishatoka. Wenye kisukari na waliowahi kuugua ukoma wako hatarini zaidi, maana ganzi yao haiondoki hata jua likiwaka.

MZEE: Sasa moto nao umekatazwa? Sisi tumekulia kwenye moto.

MUUGUZI: Moto wa nje, mbele ya boma, ukiukalia hatua moja mbali, haujakatazwa, mzee. Ninaoukataa ni wa aina mbili. Wa kwanza ni ule wa kuingizia viganja vyenye ganzi juu ya makaa. Wa pili ni jiko la mkaa linaloingizwa ndani mlango ukafungwa. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukushtua. Inaua watu wakiwa usingizini, hata familia nzima. Mkono uliopoa upashe kwapani, au tumboni chini ya nguo, au kwenye maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Ukiwa njiani na huna maji, simama mbali na watu uuzungushe mkono wote duara kubwa kuanzia begani, mara nyingi na kwa kasi. Damu inasukumwa hadi kwenye ncha za vidole.

Mama wa Muriba amekaa kimya muda wote huu mikono ikiwa ndani ya kanga. Nilimweka kwenye mjadala kwa sababu kazi yake inabeba maadui wawili kwa pamoja, baridi na maji. Maji huondoa joto la ngozi kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa tulivu ya joto hilo hilo, na kukamua ni kazi ya mikono yenye maji.

MAMA: Mimi vyangu havipoi tu. Vinakufa. Kidole cha kati na cha pete, na wakati mwingine cha shahada, vinakuwa kama si vyangu. Kucha zinakosa rangi. Kiganja upande wa vidole hivyo kinakuwa cha kijivu. Nikikaa jikoni robo saa vinaanza kuchoma, vinajaa, halafu vinarudi. Nilikwenda kituo cha afya, mikono ilikuwa imeshapata joto njiani. Wakaiangalia, wakasema haina kitu, nikapewa dawa ya maumivu.

MUUGUZI: Pole, mama. Ulichokieleza kina jina. Daktari Mfaransa Maurice Raynaud alikieleza mwaka 1862, na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Mishipa midogo ya vidole inafumba ghafla kwa baridi kidogo au kwa mshtuko. Vitabu vinasema kidole kinakuwa cheupe, kisha cha bluu, kisha chekundu. Vitabu hivyo vimeandikwa na watu wanaotazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu weupe huo ni wa majivu, wekundu unaweza usionekane kabisa. Inatakiwa kutazama kucha, upande wa ndani wa vidole na kiganja, na kulinganisha kidole kilichoathirika na jirani yake. Wanawake wanapata zaidi kuliko wanaume.

MAMA: Ni ugonjwa wa kuua?

MUUGUZI: Mara nyingi hapana. Kwa wengi huanza ujanani, unagusa mikono yote miwili, unasumbua bila kuharibu kitu. Lakini nina maswali. Ulianza lini?

MAMA: Miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nimeshapata wajukuu.

MUUGUZI: Hapo ndipo ninaposema usivumilie. Ukianza ukubwani, au ukiwa mkali upande mmoja, au ncha za vidole zikitoa vidonda visivyopona, au ngozi ya vidole na uso ikianza kukaza na kung'aa, au ukikosa pumzi kwenye kilima ulichokuwa unakipanda bila shida, au viungo vikivimba, huenda vidole ni dalili tu na ugonjwa uko kwingine mwilini. Kuna magonjwa ambayo kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, na baadhi huanza kujitangaza vidoleni miaka kabla ya kugusa mapafu au figo. Hayo yanahitaji hospitali ya wilaya au ya rufaa, na vipimo vya damu. Na dawa unazotumia?

MAMA: Za presha.

MUUGUZI: Njoo nazo. Propranolol na atenolol, kwa mfano, zinaweza kupoza vidole. Usiache kumeza, kuacha ghafla ni hatari kwa moyo. Daktari anaweza kukubadilishia. Zipo dawa za presha zinazofanya kinyume chake, nifedipine ikiwemo, zinafungua mishipa ya vidoleni, na madaktari huzitumia kwa tatizo hili hili. Ila usinunue dukani kwa kusikia jina hapa, inashusha presha.

MZEE: Wakati huo ng'ombe anamsubiri nani?

MAMA: Baba, ng'ombe naye anaijua mikono yangu. Nikimgusa chuchu na mkono wa baridi anaruka, anarusha teke, anabana maziwa. Nilianza kumhurumia yeye kabla ya kujihurumia mimi. Nikawa napasha maji kidogo kwenye sufuria, nayamimina kwenye ndoo ndogo, naloweka kitambaa, namwosha kiwele taratibu. Mkono wangu unabaki ndani ya maji yale na kitambaa kile. Halafu nafuta kiwele kwa kitambaa kikavu, nafuta mikono, napaka mafuta ya kukamulia, nakaa. Anashusha maziwa mara moja. Namaliza kabla vidole havijafa. Siku kuni zikiwa mbichi na maji hayakuchemka, nakamua nusu saa ile kazi ya dakika kumi, na vidole vinakufa katikati.

Nataka tutulie hapa kidogo, kwa sababu mama huyu amegundua peke yake jambo ambalo mafunzo ya ufugaji hulifundisha kwa sababu nyingine. Kiwele hukoshwa kwa maji ya uvuguvugu ili kuondoa uchafu unaoleta ugonjwa wa kiwele, na ili ng'ombe ashushe maziwa. Ng'ombe akishtuka au kuumizwa, mwili wake hutoa homoni ya hofu inayozuia ile inayoshusha maziwa, na mkamuaji atavuta chuchu bila kupata kitu. Kwa hiyo lita mbili za maji ya moto alfajiri zina kazi tatu: usafi, maziwa na vidole vya mkamuaji. Baba wa nyumba anayeona kuni za alfajiri ni hasara ahesabu maziwa yanayobaki kwenye kiwele. Na sehemu ya mwisho ya utaratibu wa mama, ile ya kufuta na kukausha, isichukuliwe kama nyongeza. Mkono uliotoka kwenye maji ya moto ukaachwa na unyevu kwenye upepo unapoa haraka kuliko ambao haukuloweshwa kabisa.

Mama alikuwa na jambo jingine. Alisita kulisema mbele ya wanaume, nami naona ndilo zito kuliko yote.

MAMA: Mjukuu wangu alipokuwa hajatimiza mwaka mikono yake ilivimba, yote miwili, na miguu. Alikuwa analia ukimgusa. Tuliambiwa amepigwa na jicho. Sasa ana miaka tisa, na kila kipupwe akienda kuchota maji alfajiri anarudi analia mifupa.

MUUGUZI: Amepimwa sikoseli?

MAMA: Hapana.

MUUGUZI: Apimwe wiki hii. Kuvimba mikono na miguu kwa mtoto mchanga, bila kuanguka wala kuumia, ni mojawapo ya ishara za mwanzo kabisa za sikoseli. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na mifupa ya vidole inakosa damu. Baridi inafanya mishipa isinyae na damu iende polepole, chembe zinapata muda wa kujikunja na kuganda pale pale. Ndiyo maana maumivu yake yanafuata maji ya alfajiri. Kanda yetu ya Ziwa iko kati ya sehemu zenye tatizo hili kwa wingi zaidi Tanzania. Utafiti wa watoto wadogo uliofanyiwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ulikuta karibu mmoja kati ya watano amebeba vinasaba vyake upande mmoja, na zaidi ya mmoja kati ya mia ana ugonjwa wenyewe.

MZEE: Mmoja kati ya watano? Hapa kwetu?

MUUGUZI: Kanda hii, mzee. Kwenye boma lenye watoto wengi si ajabu kumkuta aliyebeba. Mtoto kama huyu hafundishwi kuzoea baridi. Anavalishwa sweta, anakunywa maji mengi, anaoga maji ya moto, anachota maji jua likishatoka, na homa yoyote ni safari ya kituoni siku hiyo hiyo. Ipo dawa, hydroxyurea, inayopunguza maumivu hayo, anaianza kwa daktari na vipimo.

Ninapowasikia watu wazima wakisema mtoto wa aina hii ni mvivu kwa sababu anakataa ndoo ya alfajiri, roho inaniuma. Mwenye uzoefu wa kweli na baridi katika nyumba ile ni yeye.

Mchimbaji wa Nyamongo hakuja kuzungumzia hali ya hewa. Ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, kuna joto, na jasho linatiririka.

MCHORONGAJI: Mimi mikono yangu iliharibikia kwenye joto. Nashika mashine ya kuchoronga tangu asubuhi, mwamba mgumu, inatetemesha hadi meno. Nikitoka vidole vinawasha kama umeme umepita. Usiku naamka havina hisia. Sasa asubuhi ya baridi, kabla hata sijafika kazini, ncha za vidole zinakuwa kama za maiti. Kufunga vifungo vya shati namwomba mke wangu. Wenzangu wanacheka, wanasema ni baridi ya Nyamwaga imenifuata huku bondeni.

MUUGUZI: Baridi inaonyesha tu. Aliyeharibu ni mtetemo. Mishipa na neva za vidole zinapotikiswa saa nyingi, mwezi hadi mwezi, zinachakaa, kisha baridi kidogo inatosha kuzifunga. Daktari Mwitalia Giovanni Loriga aliliona mwaka 1911 kwa wafanyakazi wa nyundo za hewa. Mwaka 1918 daktari Mmarekani Alice Hamilton aliwapima wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, wakati wa majira ya baridi, akakuta walio wengi wana vidole vyeupe. Uingereza iliuingiza ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kazi yanayolipwa mwaka 1985. Shirika la Kazi Duniani linayo magonjwa ya mtetemo kwenye orodha yake ya mwaka 2010. Zaidi ya miaka mia moja inajulikana, mwanangu.

MCHORONGAJI: Glavu inasaidia?

MUUGUZI: Kwa baridi na kwa mikwaruzo, ndiyo. Mtetemo haizuii sana, usidanganywe na muuzaji. Kinachosaidia ni muda. Pokezaneni mashine, kila mtu aishike kidogo. Noa ncha ya kuchoronga, butu inatetemesha zaidi. Ifungeni vizuri, itengenezwe. Usiikamate kwa nguvu zako zote, iache mashine ifanye kazi uishike kiasi cha kuiongoza. Fika kazini mikono ikiwa na joto. Na acha sigara, hasa wewe. Nikotini inafunga mishipa ile ile.

BODABODA: Na mirungi?

MUUGUZI: Nayo inafunga. Najua inavuka kutoka Isebania na inawaweka macho njiani. Inayokufumbua macho inakufumba vidole. Ugoro pia, mzee.

MZEE: Huu wa kwangu ni kidogo tu.

MUUGUZI: Na gongo, ambayo kila mtu anasema inapasha. Inafungua mishipa ya ngozi, unasikia moto usoni, wakati joto la kifuani linatoka nje. Kwa dakika chache mikono inafurahi, baadaye mwili mzima unalipa.

Kuhusu mchorongaji, sheria ipo, na wachimbaji wengi hawaijui. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa gharama yake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, huchangiwa na mwajiri, na mfanyakazi hakatwi senti. Ugumu ni pale kijana anapofanya kazi kwenye duara la mtu bila mkataba, analipwa kwa mifuko ya mawe, na siku mikono ikimwacha hana karatasi inayosema aliwahi kuajiriwa. Vikundi vya wachimbaji wadogo wenye leseni vinaweza kuanza na daftari tu: nani alichoronga, siku gani, saa ngapi. Daftari hilo linagawa zamu leo, na kesho ni ushahidi.

MZEE: Ngoja niseme, maana hoja ilikuwa yangu. Tulipotahiriwa tulisimama bila kupepesa jicho. Watu wote walikuwa pale, wanatutazama, na lilikuwa jambo la siku moja. Baada yake ulitunzwa: ulilishwa, ulifunikwa, hukutumwa kazi mpaka upone. Kuvumilia kwetu kulikuwa na watu wa kukuona na siku ya kwisha. Sasa huyu mama, anavumilia kitu gani? Hakuna anayemtazama, na hakiishi. Na yule mtoto wa miaka tisa hajafika hata umri wa kutahiriwa. Sijaacha kusema kwamba mkono huzoea, wangu ulizoea. Lakini mtu akiniambia wake umekataa, sitamwita mwoga tena.

MCHORONGAJI: Asante, mzee. Lakini nikifika zahanati, si nitaambiwa kama mama alivyoambiwa, mikono haina kitu?

MUUGUZI: Ndiyo, ukija mikono mitupu. Vidole vikifika kwangu rangi yake imesharudi. Kwa hiyo vipigeni picha vikiwa vimekufa, kwenye mwanga wa nje, kiganja juu na kucha juu, mikono yote miwili pamoja ili ionekane kidole kipi kimebadilika. Andikeni saa, ilichukua dakika ngapi kurudi, ulikuwa unafanya nini. Mchorongaji aandike na aina ya mashine na miaka aliyoishika. Mama aje na dawa zake zote kwenye mfuko. Nikiwa na hayo naandika rufaa ambayo daktari wa wilaya hawezi kuirudisha.

MAMA: Simu yangu ni kitochi. Na vidole vikishakufa siwezi hata kubonyeza.

BODABODA: Mama, mimi si ndiye ninayepita kuchukua yale madumu ya maziwa? Kesho nitapita mapema, kabla hujawasha moto. Nitapiga mimi.